KUCHAGUA MPANGO WA BEI YA UMEME KWA NYUMBA YENYE PAMPU YA JOTO

Utangulizi

Katika majira ya baridi yaliyopita nilipokea barua kutoka mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Mwandishi wake ni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi ya uuguzi huko. Anaishi na mumewe, mtoto wao mchanga, na mama yake mzazi aliyetoka Tanga kwenda kumlea mjukuu. Baada ya shikamoo na salamu za nyumbani, alinieleza shida yake. Nyumba waliyopanga haipashwi joto kwa gesi kama nyumba nyingi za mtaa ule, bali kwa pampu ya joto inayoendeshwa kwa umeme. Jirani aliwashauri wajiunge na mpango wa bei nafuu ya usiku, nao wakakubali. Mama, ambaye maisha yake yote hakuzoea kuona fedha ikipotea bure, akawa anaizima pampu kila asubuhi na kuiwasha tena usiku wa manane. Mwisho wa mwezi gharama ya umeme haikupungua, bali iliongezeka. Tena mama mwenyewe alishinda kutwa amejifunika blanketi, huku akikohoa. "Mwalimu," aliuliza, "tumekosea wapi?"

Makala haya ni jibu la swali hilo, lakini nimeyaandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa shule za sekondari, kwa sababu mbili. Kwanza, swali lenyewe linaunganisha mada ambazo kwa kawaida hufundishwa mbalimbali: kanuni za joto, nguvu za umeme, wastani wenye uzito, na milinganyo sahili. Pili, mashine inayozungumzwa si ngeni kwetu hata kidogo. Friji iliyo jikoni au dukani ni pampu ya joto, na kiyoyozi cha ofisini ni pampu ya joto vilevile.

1. Pampu ya joto hufanyaje kazi?

Sote twajua kwamba joto hutiririka lenyewe kutoka penye joto zaidi kwenda penye joto pungufu, kama vile maji yatiririkavyo kutoka mlimani kwenda bondeni. Ili kuyapandisha maji mlimani yahitajika pampu, na pampu yahitaji nishati. Hali ni hiyo hiyo kwa joto.

Hebu tuitazame friji. Ndani ya mabomba yake mna kitu ambacho mafundi wetu hukiita "gesi ya friji". Kitu hiki huchemka na kuwa mvuke katika jotoridi dogo sana. Kinapopita katika mabomba ya ndani huchemka, na joto la kuchemkia hukinyang'anya chakula. Kisha kompresa hukishindilia mvuke huo. Kanieneo yake huongezeka na jotoridi lake hupanda. Mvuke huo wa moto hupita katika mabomba ya nyuma ya friji, ambako hugeuka tena kuwa kimiminika na kuliachia joto lake hewani. Mwisho, kimiminika hupenya katika kijitundu chembamba, kanieneo hushuka, na mzunguko huanza upya. Msomaji akiweka mkono nyuma ya friji atalihisi joto hilo.

Pampu ya joto ya Leeds ni friji iliyogeuzwa matumizi. Mahali pa chakula pana hewa ya nje, na mahali pa mabomba ya nyuma pana maji yanayozungushwa katika vipasha-joto vya ukutani, vinavyofanana na rejeta ya gari. Mashine hulichota joto kutoka hewa ya nje, hata hewa hiyo ikiwa ya nyuzi 0 za Selsiasi, na kuliingiza ndani. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini yafaa ikumbukwe kuwa nyuzi 0 za Selsiasi ni sawa na kelvini 273. Hewa hiyo ina joto jingi bado. Lililo gumu ni kulipandisha.

Wazo hili si jipya. Mfaransa Sadi Carnot aliweka msingi wa elimu ya mitambo ya joto mwaka 1824, na mwaka 1852 William Thomson, aliyejulikana baadaye kwa jina la Lord Kelvin, alieleza jinsi mashine ya namna hii ingeweza kuipasha joto nyumba kwa kutumia nishati ndogo kuliko ile ya kuchoma fueli moja kwa moja.

2. Uwiano wa utendaji

Tuseme pampu imetumia uniti 1 ya umeme, yaani kilowati-saa 1, na kuingiza nyumbani uniti 3 za joto. Hatusemi kwamba nishati imeumbwa. Uniti 2 zimetoka katika hewa ya nje, na uniti 1 imetoka katika umeme. Uwiano wa joto lililopatikana kwa umeme uliotumika tutauita uwiano wa utendaji, na tutauandika kwa herufi U. Katika mfano huu U = 3. Hita ya kawaida ya waya haiwezi kuzidi U = 1.

Kutokana na kazi ya Carnot twajua kikomo ambacho hakuna mashine iwezayo kukivuka:

U ya juu kabisa = J ÷ (J − B)

ambapo J ni jotoridi la maji yanayokwenda katika vipasha-joto na B ni jotoridi la hewa ya nje, yote kwa kelvini.

Tuchukue hewa ya nje ya nyuzi 5, yaani kelvini 278. Maji yakiwa ya nyuzi 35 (kelvini 308), kikomo ni 308 ÷ 30 = 10.3. Maji yakiwa ya nyuzi 55 (kelvini 328), kikomo ni 328 ÷ 50 = 6.6. Mashine halisi hufikia karibu nusu tu ya kikomo hicho, au pungufu, kwa sababu ya misuguano na upotevu mbalimbali. Hata hivyo mwelekeo ni ule ule: kadiri tunavyodai maji ya moto zaidi, na kadiri hewa ya nje inavyokuwa baridi zaidi, ndivyo U inavyoshuka. Mwanafunzi akikokotoa kikomo kwa maji ya nyuzi 45 na kisha ya nyuzi 46, ataona kuwa nyuzi moja tu imepunguza U kwa asilimia 2 hivi.

Kutokana na hayo twapata kanuni ambayo ni ufunguo wa makala yote haya:

Bei ya uniti moja ya joto = bei ya uniti moja ya umeme ÷ U.

Anayetazama bei ya umeme peke yake ametazama nusu ya hesabu.

3. Kwa nini bei hutofautiana kwa saa?

Umeme ni bidhaa ya ajabu: katika kila dakika kiasi kinachozalishwa lazima kilingane na kiasi kinachotumika. Nchini Uingereza matumizi hupanda sana jioni, hasa kati ya saa 10 alasiri na saa 1 usiku, watu wanaporudi nyumbani, kuwasha taa na kupika. Wakati huo hulazimu kuwasha hata mitambo iliyo ghali kuendesha. Usiku wa manane viwanda na nyumba nyingi vimelala, ilhali mitambo ya upepo na ya nyuklia ingali inazalisha. Umeme huwa mwingi na bei yake sokoni hushuka. Kwa sababu hiyo hiyo kilijengwa kituo cha Dinorwig katika milima ya Wales, kilichofunguliwa mwaka 1984: umeme wa usiku hutumika kuyapandisha maji katika ziwa la juu, nayo huachiliwa kuzungusha mitambo wakati wa mahitaji makubwa.

Mwezi Oktoba 1978 wateja wa nyumbani nchini humo walianza kupewa mpango ulioitwa Economy 7, wenye saa 7 za bei nafuu usiku na bei ya juu zaidi mchana. Mpango huo ulifaa sana nyumba zenye hita za matofali. Usiku umeme uliyachemsha matofali mazito yaliyofungiwa katika sanduku lenye vihami joto, na mchana matofali yalilitoa joto lake polepole. Siku hizi mita mpya huandika matumizi ya kila nusu saa, kwa hiyo wauzaji waweza kutoza bei tofauti katika vipindi vingi vya siku. Mipango mingine, iliyobuniwa mahsusi kwa pampu za joto, ina vipindi vitatu vya bei nafuu: alfajiri, mchana, na usiku kabla ya kulala, pamoja na kipindi kimoja cha bei kali, yaani zile saa za jioni tulizozitaja.

4. Nyumba ya mfano

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue nyumba inayohitaji uniti 12,000 za joto kwa mwaka, na matumizi mengine ya umeme (taa, kupika, friji, kufua) uniti 2,700. Viwango hivi havitofautiani sana na vile vinavyohesabiwa na wasimamizi wa bei nchini Uingereza kuwa vya kaya ya kawaida. Tuseme wastani wa U kwa mwaka mzima ni 3. Basi pampu itatumia uniti 12,000 ÷ 3 = 4,000, na jumla ya umeme ni uniti 6,700.

Bei zifuatazo nimezikadiria kwa namba kamili ili kurahisisha hesabu, ila zinakaribiana na zile za mwaka 2025. Peni 100 ni pauni 1.

Mpango A: bei moja, peni 26 saa zote.
Mpango B: peni 15 kwa saa 7 za usiku, peni 31 kwa saa 17 zilizobaki.
Mpango C: peni 14 kwa saa 8 zilizogawanywa katika vipindi vitatu, peni 40 kwa saa 3 za jioni, peni 28 kwa saa 13 zilizobaki.

Ada ya kila siku, ambayo mteja hulipa hata asipotumia umeme, tutachukulia kuwa ni sawa katika mipango yote. Kwa hiyo haitaathiri ulinganisho. Ikiwa si sawa, sharti iongezwe.

Mpango A ni rahisi: 6,700 × 0.26 = pauni 1,742.

Mpango B wahitaji fikira. Tuseme sehemu x ya umeme wote hutumika usiku. Bei ya wastani ni 31 − 16x. Ili ilingane na peni 26 ya Mpango A, yapasa 16x = 5, yaani x = 0.3125. Kwa hiyo Mpango B huwa na faida pale tu zaidi ya asilimia 31 ya umeme inapotumika usiku. Lakini saa 7 ni asilimia 29 tu ya siku! Pampu inayofanya kazi sawasawa usiku na mchana haifikii mpaka huo, na matumizi mengine ya nyumba ni haba zaidi usiku. Tukichukulia asilimia 30 ya umeme wa pampu na asilimia 15 ya matumizi mengine kuwa ni ya usiku, tunapata:

Usiku: 1,200 + 405 = uniti 1,605, sawa na pauni 240.75.
Mchana: 2,800 + 2,295 = uniti 5,095, sawa na pauni 1,579.45.
Jumla: pauni 1,820.20.

Familia imepata hasara ya pauni 78 kwa mwaka.

5. Kosa la jirani

Bila shaka jirani angejibu: "Basi hamishieni kazi ya pampu usiku!" Naye angekuja na hesabu yake. Robo tatu za uniti 4,000 zikihamia usiku, usiku utakuwa na uniti 3,405 na mchana uniti 3,295. Gharama ni 510.75 + 1,021.45 = pauni 1,532.20. Karatasini zimeokolewa pauni 210 zikilinganishwa na Mpango A.

Kosa liko katika zile uniti 4,000. Jirani amechukulia kwamba U itabaki 3. Angekuwa anazungumzia hita ya matofali asingekosea, kwani hita hiyo ina U = 1 usiku na mchana, maji yawe ya moto au ya vuguvugu. Kwa pampu mambo ni tofauti, na sababu ni tatu.

Kwanza, ni suala la nguvu. Katika siku yenye nyuzi 5 nje na nyuzi 20 ndani, nyumba yetu ya mfano hupoteza joto kwa kiasi cha kilowati 3. Kwa saa 24 ni uniti 72. Pampu ikifanya kazi saa zote, yatosha kutoa kilowati 3, na maji ya nyuzi 38 hivi yanaweza kuleta joto hilo kupitia vipasha-joto. Lakini uniti zote 72 zikidaiwa katika saa 7, pampu yapaswa kutoa kilowati 10.3. Vipasha-joto ni vile vile, havikuongezeka. Njia pekee ya kutoa joto mara tatu na zaidi ni kuyapasha maji hadi zaidi ya nyuzi 60. Tumekwisha kuona kanuni ya Carnot inasema nini juu ya maji ya moto.

Pili, usiku ni baridi kuliko mchana. Kwa maji ya nyuzi 45, kikomo cha U mchana penye nyuzi 9 ni 318 ÷ 36 = 8.8; usiku penye nyuzi 4 ni 318 ÷ 41 = 7.8. Upungufu ni wa asilimia 12.

Tatu, na hili ndilo lililoiumiza familia ya mwanafunzi wangu, pampu nyingi zimewekewa hita ya akiba. Mashine ikiona kwamba inadaiwa joto lililozidi uwezo wake, huiwasha hita hiyo yenyewe. Mtu aliyeko ndani hajui kitu, ila sehemu ya joto lake sasa yapatikana kwa U = 1.

Tuseme kwa sababu hizo U imeshuka kutoka 3 hadi 2.2. Umeme wa pampu sasa ni 12,000 ÷ 2.2 = uniti 5,455. Robo tatu zake zikiwa za usiku, hesabu ni hii:

Usiku: 4,091 + 405 = uniti 4,496, sawa na pauni 674.40.
Mchana: 1,364 + 2,295 = uniti 3,659, sawa na pauni 1,134.29.
Jumla: pauni 1,808.69.

Faida ya pauni 210 imegeuka hasara ya pauni 67. Nayo nyumba ina baridi mchana.

6. Nyumba ni ghala la joto

Kuta, sakafu na samani hushika joto. Tuseme nyumba yetu huhitaji uniti 8 ili jotoridi lake lipande nyuzi moja. Pampu ikizimwa kwa saa 3 huku nyumba ikipoteza kilowati 3, uniti 9 zitatoka, na jotoridi litashuka kwa 9 ÷ 8, yaani nyuzi 1 na kidogo. Kutoka nyuzi 20 tutafika karibu na 19. Mtu aliyeketi sebuleni hataona tofauti kubwa, hasa ikiwa nyumba ilipashwa kidogo zaidi kabla ya hapo.

Sasa izimwe kwa saa 17. Upotevu hupungua kadiri nyumba inavyopoa, kwa hiyo tutumie kanuni ya Newton ya kupoa. Muda maalumu wa nyumba hii ni 8 ÷ 0.2 = saa 40, kwa kuwa hupoteza kilowati 0.2 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Tofauti ya nyuzi 15 itabaki 15 × e⁻⁰·⁴²⁵ = 9.8. Jotoridi la ndani litakuwa chini kidogo ya nyuzi 15. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, lilipendekeza nyuzi 18 kama kiwango cha chini cha usalama kwa ujumla katika nchi zenye baridi, na kueleza kuwa wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Katika nyumba ile mna mtu mzima na mtoto mchanga. Hapa hesabu inaacha kuwa ya pauni na peni tu.

7. Mpango C

Turudi kwenye Mpango C. Pampu ikifanya kazi sawasawa saa zote, bei yake ya wastani ni:

(8 × 14 + 3 × 40 + 13 × 28) ÷ 24 = 596 ÷ 24 = peni 24.8.

Matumizi mengine, ambayo huelekea jioni, tuyagawe hivi: asilimia 25 bei nafuu, 25 bei kali, 50 bei ya kawaida. Wastani wake ni peni 27.5. Jumla ya mwaka ni 993 + 743 = pauni 1,736. Ni karibu sawa na Mpango A. Kwa hiyo familia isiyobadili lolote haitapata wala kupoteza.

Lakini sasa tuipunguze pampu katika zile saa 3 za jioni tu, na kuiongeza kidogo katika vipindi vya bei nafuu. Asilimia 50 ya umeme wa pampu iwe ya bei nafuu, 47 ya kawaida, na 3 ya bei kali. Wastani ni 7 + 13.16 + 1.2 = peni 21.36. Tukubali kwamba U imeshuka kidogo, kutoka 3 hadi 2.9, umeme wa pampu ni uniti 4,138, sawa na pauni 884. Tukiongeza pauni 743 za matumizi mengine, jumla ni pauni 1,627. Zimeokolewa pauni 115 kwa mwaka ikilinganishwa na Mpango A, na nyumba haikushuka chini ya nyuzi 19 katika siku ya kawaida ya baridi.

Tofauti ya B na C haiko katika ukubwa wa punguzo. Mapunguzo yenyewe yanakaribiana. Iko katika mpangilio wa saa. Vipindi vya C vimetawanyika katika siku, kwa hiyo nyumba haikai muda mrefu bila joto, na pampu hailazimiki kukimbia mbio.

8. Hatua za kufuata

Kutokana na hayo nilimwandikia mwanafunzi wangu mambo matano, nami nayarudia hapa.

(a) Pima kabla ya kuchagua. Kwa wiki mbili andika namba za mita na, pampu ikiweza kuonyesha, joto lililotolewa na umeme uliotumika. Gawanya, hiyo ndiyo U yako.

(b) Shusha kwanza jotoridi la maji, nyuzi moja moja kila siku, mpaka ufike mahali ambapo nyumba yabaki na joto la kutosha bila ziada. Hatua hii haihitaji mpango wowote mpya, nayo hupunguza gharama katika mipango yote.

(c) Tazama iwapo hita ya akiba inawaka, na kwa nini.

(d) Kokotoa bei ya wastani ya kila mpango kwa matumizi yako, si kwa matumizi ya jirani. Usisahau ada ya siku. Tumia wiki za baridi kali pia, kwa maana sehemu kubwa ya umeme wa pampu hutumika katika miezi michache tu.

(e) Ukiwa na mpango wa vipindi, ipumzishe pampu kwa saa chache za bei kali, wala usiizime kutwa.

9. Na sisi huku?

Msomaji aweza kusema kwamba Tanga haina baridi ya Leeds. Ni kweli. Lakini mipango ya bei tunayo, ila imepangwa kwa namna nyingine. Katika bei za umeme zilizotangazwa Tanzania mwaka 2016, wateja wadogo wa nyumbani wa kundi la D1 walitozwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Wateja wa kawaida wa kundi la T1 walitozwa shilingi 292 kwa uniti. Huko bei ilifuata kiasi cha matumizi, wala si saa. Nchini Kenya, viwanda na wafanyabiashara walianza kupewa punguzo la umeme wa usiku mwezi Desemba 2017. Mwenye ghala la samaki la baridi kali hujiuliza swali lile lile la Leeds, ila kinyume chake: je, aweza kuligandisha ghala zaidi wakati umeme ni nafuu ili kompresa ipumzike wakati umeme ni ghali, na U itashuka kwa kiasi gani akifanya hivyo?

Hitimisho

Barua ya pili kutoka Leeds ilinifikia mwezi Machi. Walishusha jotoridi la maji kutoka nyuzi 55 hadi 42, wakagundua kwamba hita ya akiba ilikuwa ikiwaka karibu kila usiku, na wakaomba kuhamishiwa mpango wa vipindi. Kikohozi cha mama kimepungua, ingawa yeye mwenyewe hasadiki kuwa mashine iachwayo ikiwaka kutwa yaweza kutumia umeme mdogo kuliko ile inayozimwa. Simlaumu. Kwa taa, redio na pasi anasema kweli tupu. Kwa pampu ya joto, sharti kwanza tuulize imetakiwa kulipandisha joto mlima wenye kimo gani.

Mazoezi

1. Hewa ya nje ni ya nyuzi 2 za Selsiasi na maji ni ya nyuzi 40. Tafuta kikomo cha U. Mashine halisi ikifikia asilimia 45 ya kikomo hicho, U yake ni ngapi?

2. Mpango mmoja hutoza peni 30 mchana na peni 12 usiku. Ni sehemu gani ya umeme ipasayo kutumika usiku ili gharama ilingane na bei moja ya peni 26?

3. Kwa kutumia bei za mwaka 2016 zilizotajwa, na bila kuhesabu kodi, ni katika uniti ngapi kwa mwezi gharama za D1 na T1 zingelingana?

4. Zoezi la vitendo. Zima vyombo vyote isipokuwa friji. Soma mita ya LUKU kabla ya kulala na tena alfajiri. Rudia kwa muda kama huo mchana wa joto, bila kuufungua mlango wa friji. Eleza tofauti kwa kutumia kanuni ya U.

Majibu: (1) 313 ÷ 38 = 8.2; U halisi ni 3.7 hivi. (2) 30 − 18x = 26, kwa hiyo x = 0.22, yaani asilimia 22. (3) 7,500 + 350(x − 75) = 292x, kwa hiyo x = uniti 323 hivi. (4) Jibu litatoka katika mita yako.